Masters ya uandishi wa habari: unasomea nini hasa, na inakupeleka wapi?

"Kwani kusoma taarifa ya habari nako kuna masters?"

Swali hili aliniuliza baba mdogo kwenye kikao cha familia, mbele ya watu wote, siku nilipotangaza kwamba naacha kazi ya redio narudi shule. Watu walicheka. Na mimi nikacheka, maana kiukweli sikuwa na jibu. Nilisema tu kwamba "inasaidia kwenye ajira", jibu ambalo kila mtu hulitoa akiwa hana jibu.

Shahada yenyewe nimeshamaliza, sasa nafanya kazi ya utafiti, na swali la baba mdogo bado linanifuata. Safari hii linatoka kwa vijana waliomaliza shahada ya kwanza, wakiwa kwenye redio, magazeti na chaneli za mtandaoni: Je, nikaongeze shule au nikomae kazini? Nitajifunza kitu ambacho sikijui? Nikimaliza nitaajiriwa wapi? Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kulitoa siku ile. Lakini naomba nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu lilinifundisha maana ya shahada hii kabla hata sijaiomba.

Wagonjwa wangapi?

Nilikuwa ripota wa redio moja ya mkoani. Siku moja ilitufikia taarifa kwamba wagonjwa wa kuhara katika zahanati iliyo jirani na soko wameongezeka kwa asilimia 100 ndani ya wiki moja. Nikaiandika hivyo hivyo, mhariri akaipitisha, ikasomwa hewani mchana na ikarudiwa usiku. Ukiitazama sentensi ile haikuwa na uongo. Wiki ya kwanza walikuwa wagonjwa watatu, wiki ya pili sita. Tatu kuwa sita ni ongezeko la asilimia 100. Ila mimi hizo tatu na sita sikuzijua, kwa sababu sikuziuliza.

Siku nne baadaye alikuja ofisini mama lishe mmoja wa pale sokoni. Hakuja na hasira. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, kisha akauliza: "Mwanangu, ni wagonjwa wangapi?"

Nikamwambia wameongezeka kwa asilimia 100.

"Hiyo nimeisikia redioni. Nauliza wangapi."

Sikuwa na la kumjibu. Siku tatu mfululizo alikuwa amerudi nyumbani na wali wake, wateja wamekimbia soko zima. Ada ya mtoto wake ilikuwa inategemea biashara ile. Nilipiga simu zahanati mbele yake, ndipo tukajua ni sita. Tulisoma masahihisho jioni ile ile, lakini sufuria za siku tatu hazirudi.

Sisemi kwamba tungenyamaza. Wagonjwa sita wa kuhara wanaweza kuwa mwanzo wa mlipuko, na kuna siku kimya cha redio kitaua watu. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na maswali manne ambayo sikuyauliza. Ni wangapi? Kati ya wangapi? Kwa kawaida huwa wangapi? Na nani kahesabu, kwa njia gani? Zahanati inayopokea kati ya wagonjwa wawili na saba kila wiki haijapata jambo jipya ikipokea sita. Ile ambayo kwa mwaka mzima hupokea mmoja ina sababu ya kushtuka. Namba ni ile ile, habari ni mbili tofauti.

Hayo maswali manne, ukiyapanua hadi yajaze miaka miwili, ndiyo masters ya uandishi wa habari. Mengine yote ni nyongeza.

Mvutano wa zamani: ni fundi au ni msomi?

Ugomvi kuhusu kama uandishi wa habari ni kitu cha kusomewa chuo kikuu haukuanza na baba mdogo. Marekani, Chuo Kikuu cha Missouri kilifungua shule ya uandishi wa habari mwaka 1908, na Columbia ya New York ikafuata mwaka 1912 kwa fedha alizoziacha mmiliki wa magazeti Joseph Pulitzer. Wahariri wengi wa wakati ule waliona ni mzaha. Kwao mwandishi alitengenezwa mitaani, kwenye vituo vya polisi na mahakamani.

Hapa Afrika Mashariki historia ina kona ya kuvutia. Mwaka 1963 Taasisi ya Kimataifa ya Habari, IPI, ilianza kuwafundisha waandishi wa Kiafrika jijini Nairobi. Nchi zilikuwa zinapata uhuru, magazeti yalihitaji watu wake, na hapakuwa na muda wa kusubiri. Aliyeongoza kazi hiyo ni Tom Hopkinson, Mwingereza aliyewahi kuhariri jarida la Drum huko Afrika Kusini. Mwaka 1970 mtu huyo huyo alianzisha kituo cha masomo ya uandishi wa habari Cardiff, cha kwanza Uingereza kutoa stashahada ya uzamili ya fani hii ndani ya chuo kikuu. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikapata shule yake ya uandishi wa habari. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema elimu hii ni kitu cha Wazungu tulichokopa jana, mkumbushe kwamba Nairobi ilikuwa inafundisha waandishi kabla ya Cardiff.

Tanzania tulikuwa na mafunzo ya Nyegezi, Mwanza, pale ambapo baadaye pamekuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT. Mwaka 1975 ikaanzishwa Shule ya Uandishi wa Habari Tanzania, ambayo mwaka 2003 iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na leo tunaijua kama SJMC. Angalia hiyo safari: kutoka chuo cha kufundisha ufundi hadi idara ya chuo kikuu yenye wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Ufundi haukuondoka. Kilichoongezeka ni utafiti, na hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

Darasani kunafanyika nini?

Kwanza ujue masters hizi ziko za aina mbili, na majina yake hayakusaidii kuzitofautisha.

Aina ya kwanza ni ya vitendo. Unatengeneza habari, unajifunza uchunguzi, takwimu, video, sauti, na mwisho unatoa kazi kubwa ya kihabari. Ile ya Columbia ni ya namna hii na inachukua kama miezi kumi. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Aga Khan kilichoko Nairobi kina masters ya uandishi wa habari za kidijitali inayoelekea upande huo.

Aina ya pili ni ya kitaaluma, na mara nyingi huitwa mawasiliano ya umma. Unasoma nadharia na mbinu za utafiti, kisha unaandika tasnifu. Vyuo vyetu vingi, ikiwemo Dar es Salaam na SAUT, vimejengwa zaidi kwenye aina hii. Kwa kawaida inachukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na wengine huvuka hapo kwa sababu tasnifu ina tabia ya kumeza muda.

Mimi nilisoma ya pili. Wiki ya kwanza nilidhani nimepotea njia. Nilitegemea kufundishwa kuandika habari kali, nikakutana na nadharia. Nikupe mfano wa moja ili uone inafanyaje kazi.

Mwaka 1968, wakati wa uchaguzi wa rais wa Marekani, watafiti wawili, Maxwell McCombs na Donald Shaw, waliwahoji wapiga kura 100 wa mji wa Chapel Hill ambao walikuwa bado hawajaamua wampigie nani. Waliwauliza ni mambo gani makubwa yanayowasumbua. Kisha wakachambua magazeti, majarida na televisheni ambazo watu wale walikuwa wakizitumia, wakapima ni mambo gani yalipewa nafasi kubwa. Orodha hizo mbili zilifanana sana. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 1972, na wazo lake tunaliita upangaji wa ajenda: vyombo vya habari huenda visiweze kukwambia uwaze nini, ila vina nguvu ya kukwambia uwaze kuhusu nini.

Sasa rudi kwa mama lishe wangu. Redio yetu haikumwambia mtu yeyote asile sokoni, wala hatukutoa maoni. Tuliliweka tu jambo hilo juu ya orodha, mchana na usiku, na watu wakamalizia wenyewe. Nilipoielewa nadharia hii ndipo nilipoelewa kwa nini kujitetea kwa kusema "sisi tuliripoti tu" hakutoshi. Kuchagua habari ya kwanza tayari ni kitendo.

Lakini hebu uliza swali la ukorofi, maana masters ni shule ya ukorofi. Je, si inawezekana kwamba magazeti ndiyo yalifuata yale ambayo wananchi walikuwa tayari wanayawaza? Orodha mbili kufanana hakuthibitishi ipi imeitengeneza nyingine. Watafiti waliofuata walitumia miaka mingi kulijibu swali hilo, kwa kupima mara kadhaa kwa nyakati tofauti na kwa kufanya majaribio. Nadharia unayoijua bila kujua udhaifu wake ni methali tu.

Kupima maneno: hesabu moja itakayokuokoa

Sehemu iliyonibadilisha zaidi ni mbinu inayoitwa uchambuzi wa maudhui. Kwa maneno rahisi, ni njia ya kuhesabu vitu ambavyo watu hudhani havihesabiki.

Tuseme unataka kujua kama vichwa vya habari za afya kwenye magazeti yetu vinaungwa mkono na habari zenyewe. Kila mtu ana maoni. Kijiweni watakwambia "magazeti siku hizi yanakuza mambo". Mtafiti haruhusiwi kuishia hapo. Anachukua sampuli ya habari, anaandika mwongozo unaoeleza kwa undani nini kihesabiwe kuwa kichwa "kinachoungwa mkono" na nini hapana, halafu anawapa watu wawili wasome habari zile zile bila kushauriana. Wakikubaliana sana, kipimo kinaaminika. Wakitofautiana, tatizo liko kwenye mwongozo, na kazi inaanza upya.

Wakubaliane kiasi gani? Twende na mfano wa kubuni wa habari 100. Msomaji wa kwanza, tumwite A, amesema "ndiyo, kinaungwa mkono" mara 90 na "hapana" mara 10. Msomaji B naye, ndiyo 90 na hapana 10. Ukilinganisha habari moja moja, wote wamesema ndiyo kwa habari 84 na wote wamesema hapana kwa habari 4. Zilizobaki 12 wametofautiana. Kwa hiyo wamekubaliana kwenye 88 kati ya 100. Asilimia 88! Ungekuwa mtihani ungepata A.

Subiri kwanza. Kama hawa wawili wangekuwa wanajibu kwa kubahatisha tu, kila mmoja akisema ndiyo mara tisa katika kila kumi, wangekubaliana mara ngapi? Uwezekano wa wote kusema ndiyo ni 0.9 mara 0.9, sawa na 0.81. Wa wote kusema hapana ni 0.1 mara 0.1, sawa na 0.01. Jumla 0.82. Yaani hata wakifumba macho wangekubaliana kwa asilimia 82. Kazi yao halisi ya kusoma imeongeza 6 tu juu ya bahati, wakati nafasi iliyobaki ya kuongeza ilikuwa 18. Sita kwa kumi na nane ni 0.33.

Hiyo 0.33 ndiyo inayoitwa kapa, kipimo alichokipendekeza mwanasaikolojia Jacob Cohen mwaka 1960. Kapa ya 1 ni makubaliano kamili, 0 ni sawa na kubahatisha. Watafiti wengi wa fani yetu hawaridhiki na chini ya 0.7 hivi. Kwa hiyo ile asilimia 88 iliyokuwa inang'aa, kwa kipimo hiki imeanguka.

Na mimi niliangushwa hivyo hivyo. Kwenye majaribio ya kwanza ya tasnifu yangu nilimpelekea msimamizi asilimia ya makubaliano nikiwa na furaha. Aliitazama, akaniuliza swali moja tu: "Na kapa?" Nilirudi kuandika mwongozo upya, wiki tano zikaenda. Niliumia, lakini nilicheka pia, kwa sababu lilikuwa swali lile lile la mama lishe. Asilimia nimeisikia, nauliza wangapi.

Kazi ya aina hii haifii kwenye kabati. SJMC imekuwa ikitoa kitabu cha mwaka kuhusu ubora wa vyombo vya habari Tanzania, kinachotegemea uchambuzi wa maudhui: habari ina vyanzo vingapi, ina pande ngapi, inaeleza chanzo cha tatizo au inataja tukio tu. Mhariri anayekisoma hajibishani tena na maoni ya kijiweni. Anaona kipimo.

Haya, ajira je?

Nitakuwa mkweli, maana matangazo ya vyuo hayatakuwa.

*Chumba cha habari.* Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake za mwaka 2017 zinamtaka mwandishi anayeomba ithibati Tanzania awe na angalau stashahada ya uandishi wa habari au fani inayohusiana nayo. Stashahada, si masters. Hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri akuongezee mshahara kwa kuwa umeongeza cheti, na waandishi wengi mikoani bado wanalipwa kwa habari, bila mkataba. Masters inapokusaidia ndani ya chumba cha habari ni kwenye kazi za uchunguzi na takwimu, na kwenye uhariri. Anayeweza kufungua jedwali la Sensa ya 2022, akajua kwamba idadi ya Watanzania 61,741,120 ndiyo ya kugawanyia anapotaka kulinganisha mambo kwa kila mtu, tena akajua Sheria ya Takwimu ya 2015 ilivyorekebishwa mwaka 2018 na 2019, huyo ana kitu ambacho mwenzake hana. Sharti ni mhariri awe anakihitaji.

*Uhakiki wa taarifa.* Hii ni kazi ambayo miaka ishirini iliyopita haikuwepo kwetu kama ajira. Africa Check ilianzishwa mwaka 2012 Afrika Kusini na taasisi ya shirika la habari la AFP pamoja na idara ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Angalia mwanzo wake: chumba cha habari na chuo kikuu vikikaa meza moja. Tanzania tuna Nukta Fakti na JamiiCheck. Kazi yenyewe ni maswali yale manne kila siku asubuhi, ukiongeza picha na video za kutilia shaka. Nafasi ni chache na nyingi hutegemea ufadhili, kwa hiyo mkataba wa mwaka mmoja mmoja usikushangaze.

*Utafiti wa vyombo na hadhira.* Redio inataka kujua nani anaisikiliza na saa ngapi. Shirika la afya linataka kujua kama ujumbe wake wa chanjo umeeleweka. Kampuni za utafiti zinaajiri watu wanaojua kuandaa dodoso, kuongoza mahojiano ya vikundi na kuandika ripoti inayosomeka. Hapa aliyeandika tasnifu nzuri ana faida kubwa kuliko popote pengine, kwa sababu tasnifu ndiyo kazi yenyewe katika umbo dogo.

*Mawasiliano ya taasisi.* Wizara, halmashauri, mabenki, mashirika yasiyo ya kiserikali, miradi. Tuseme ukweli, wengi wetu tunaishia huku, na mishahara mara nyingi ni afadhali. Ila ujue umevuka meza. Jana ulikuwa unauliza maswali, leo unayajibu kwa niaba ya bosi. Wapo wanaovuka kwa amani na wapo wanaougua kimoyomoyo. Jiulize mapema wewe ni yupi.

*Kufundisha.* Masters hukufungulia mlango wa kuwa mhadhiri msaidizi, lakini chuoni safari haiishii hapo. Utatakiwa uendelee na uzamivu. Nafasi zinatangazwa chache, na ufaulu wako wa shahada zote mbili utatazamwa.

*Uandishi wa sayansi.* Tovuti ya The Conversation ilifungua toleo la Afrika mwaka 2015, ikiwa na wahariri wanaofanya kazi moja: kumsaidia mtafiti aseme alichogundua kwa lugha ya mtu wa kawaida. Kwa Kiswahili uwanja huu bado ni mpana na wachezaji ni wachache. Ndiyo maana naandika hapa, na sijalipwa senti. Hilo nalo uliweke kwenye hesabu.

Kabla hujalipa ada

Ukinipigia simu leo kuniuliza uende au usiende, nitakuuliza haya.

Una swali? Sio "napenda habari". Swali lenyewe, kama vile "kwa nini redio za mkoani kwetu haziripoti vikao vya baraza la madiwani mpaka kuwe na ugomvi?" Mtu mwenye swali anamaliza tasnifu. Asiye na swali anamaliza ada.

Umewahi kufanya kazi? Ushauri wangu ni angalau mwaka mmoja au miwili ya kutafuta habari kwa miguu. Mimi nisingeielewa kapa bila mama lishe. Wenzangu waliotoka shahada ya kwanza moja kwa moja walikuwa na akili kunizidi, ila walikosa kitu cha kuiwekea.

Nani atakusimamia? Soma walichoandika walimu wa idara hiyo kabla hujaomba. Jengo zuri halisahihishi sura ya tatu ya tasnifu yako. Msimamizi ndiye anayesahihisha.

Ni ya vitendo au ya kitaaluma? Omba orodha ya kozi, usiangalie jina la shahada. Kama unataka kutengeneza filamu za uchunguzi, miaka miwili ya nadharia itakuchosha. Kama unataka uzamivu, ile isiyo na tasnifu inaweza kukukwamisha mbele. Ukienda nje ya nchi, kumbuka pia kwamba shahada yako itahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu ukirudi, kwa hiyo ulizia kabla ya kupanda ndege.

Nani analipa, na nani anasubiri nyumbani? Nilipoacha redio, mdogo wangu alichelewa kuanza chuo kwa mwaka mmoja. Hilo halimo kwenye kijitabu cha maombi ya kujiunga, lakini ni sehemu ya bei. Kama kazini unaweza kukubaliwa kusoma jioni au kwa likizo ya masomo, ipiganie barua hiyo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Na kama huna hata moja kati ya haya, usivunjike moyo, wala usikimbilie. Mafunzo mafupi ya takwimu na uhakiki wa taarifa hutolewa mara kwa mara, mengine bure kabisa mtandaoni. Jifunze jedwali, jifunze asilimia, jifunze tofauti ya ongezeko "la asilimia 10" na ongezeko "la pointi 10 za asilimia". Kitu kikitoka asilimia 20 kwenda 30 kimepanda pointi 10, lakini kimeongezeka kwa asilimia 50. Ukiijua hiyo peke yake utakuwa umeshaziokoa habari nyingi.

Baba mdogo nilimpa jibu mwaka jana, tukiwa tunasikiliza redio uani. Mtangazaji alisema ajali za bodaboda wilayani zimepungua kwa asilimia 50. Nikamuuliza baba mdogo: zimepungua kutoka ngapi hadi ngapi? Na bodaboda zilizo barabarani ni ngapi? Zimehesabiwa na polisi au na hospitali?

Akanitazama kidogo. "Sasa mbona hajasema?"

"Hajauliza," nikamwambia. "Hiyo ndiyo masters niliyosomea."